Kadi Iliyoandikwa "Imefanyika"

(Maneno niliyoyazungumza Mwanza mbele ya wakunga, wauguzi, matabibu na watu wa maabara. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.)

Ndugu mwenyekiti, dada zangu wakunga, matabibu, na ninyi ndugu zangu wa maabara ambao kama kawaida yenu mmekwenda kukaa nyuma kabisa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kaswende ya kuzaliwa nayo. Nitaanza na mtoto mmoja. Jina lake na hospitali aliyozaliwa tuviache.

Aliletwa akiwa na wiki tano, mkono wa kushoto umelala kama wa mwanasesere. Mama yake akasimulia kwamba mambo yalianza kwa mafua, mtoto akiwa na wiki mbili. Walikwenda zahanati, wakapewa maji ya chumvi ya kudondoshea puani. Mafua hayakukoma. Yakawa mazito, yakaja na damu kidogo, mtoto akawa anashika ziwa na kuliachia kwa sababu hawezi kupumua na kunyonya kwa pamoja. Halafu siku moja asubuhi mkono hausogei, ukiugusa analia mpaka anapoteza sauti. Nyumbani kesi ilikuwa imeshahukumiwa: binti wa kazi amemwangusha mtoto akaficha. Binti alikwisha kupakiwa kwenye basi arudi kwao, na mshahara wa mwezi ule hakupewa.

Nikamvua mtoto nguo zote. Naomba hili mlishike: nguo zote, na soksi. Ngozi ya nyayo ilikuwa inabanduka. Ini lilikuwa limeshuka vidole vitatu chini ya mbavu, bandama inagusika, macho yana manjano. Nikaomba eksirei ya mikono yote miwili na ya miguu pia, ingawa miguu hakuna aliyeilalamikia. Picha zikarudi. Hakukuwa na mfupa uliovunjwa na anguko. Ncha za mifupa zilikuwa zimeliwa, kulia na kushoto, na pale chini ya goti, upande wa ndani wa mfupa wa muundi, palikuwa na pengo kama panya amepita. Mtoto huyu hakuangushwa na mtu. Mkono wake haukuwa umepooza kweli. Mishipa ya fahamu ilikuwa mizima na misuli mizima. Alikuwa hausogezi kwa sababu mfupa unamuuma.

Ndipo nikaomba kadi ya kliniki ya mama. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri, haina doa. Mwanamke yule alihudhuria kliniki mara nne, kila tarehe ipo. Kwenye mstari wa kipimo cha kaswende, mtu mwenye mwandiko mzuri kabisa alikuwa ameandika neno moja: "Imefanyika."

Imefanyika, ikatoka nini? Iliposomeka, nani alimwambia mama? Alichomwa sindano? Lini? Kadi haikusema. Tulipompima mama siku ile, RPR yake, yaani kile kipimo cha damu cha kaswende kinachotoa namba, ilikuwa juu. Kwa hiyo inawezekana kabisa jibu lilitoka tangu mimba ikiwa changa, likabaki kwenye daftari la maabara, mita thelathini kutoka chumba cha mkunga.

Neno hilo ndilo lililonileta hapa leo. Dalili za ugonjwa huu mmezisoma chuoni, na dawa yake ni ya zamani kuliko wengi wetu humu ndani. Tunapomkosa mtoto, mara nyingi tumemkosa kwenye karatasi, kabla hata hajazaliwa.

Mniruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ninyi watu wa Kanda ya Ziwa mna haki ya kujua kwamba sehemu ya elimu hii dunia iliipata kwenu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoa huu wa Mwanza, kwa wanawake 380 waliofika kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika mimba ile. Kati yao, 73 walikuwa na kaswende hai yenye RPR ya 1:8 au zaidi; namba ya pili ikipanda, jibu lina nguvu zaidi. Wanawake 18 kati ya hao 73 walizaa mtoto mfu. Ni mmoja katika kila wanne. Na kwa wanawake wasiopimwa kwa jumla, watafiti walikadiria kwamba asilimia 51 ya watoto wafu walitokana na kaswende ya mama. Nusu! Sisi tunasema "Mungu hakupenda" pale leba, kumbe kwa wanawake wale nusu ya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa na sindano. Utafiti mwenzake, wa hapahapa, ulionyesha kwamba wanawake waliopimwa wakachomwa dozi moja ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, mimba zao ziliishia salama karibu sawa na za wanawake wasio na kaswende.

Dozi moja. Na mdudu mwenyewe, treponema, aliyeonekana kwa mara ya kwanza kwenye darubini Berlin mwaka 1905, mpaka leo hajajifunza kuikwepa penisilini. Malaria imezishinda dawa ngapi sisi tukiangalia? Kisonono kimeshinda ngapi? Huyu ametibiwa kwa penisilini tangu miaka ya 1940 na bado anakufa kwa penisilini ileile. Nasema hivi ili msije mkatafuta lawama kwa mdudu.

Sasa tuje wodini. Kosa la kwanza ni kudhani mtoto mwenye kaswende ataonekana. Watoto wengi wenye maambukizi huzaliwa wazuri, wanalia vizuri, wananyonya, uzito wa kutosha. Dalili huja baada ya wiki kadhaa, nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mama akiwa ameshamaliza arobaini na sisi tumeshamsahau. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: mtoto mchanga umpime mara mbili, kwanza kwenye kadi ya mama, halafu kwenye godoro. Ukianza na godoro utadanganyika.

Anapokuwa na dalili, angalieni viganja na nyayo: malengelenge au vipele vyekundu kama shaba hapo ni jambo kubwa, kwa sababu vipele vingi vya kawaida vya watoto wachanga haviendi huko. Gusa ini na bandama. Angalia manjano na mpauko wa kupungukiwa damu. Mafua ya mtoto wa wiki mbili yasiyoisha, hasa yenye damu, yasipewe jina la mafua mpaka umejua kadi ya mama inasema nini. Na uvae glovu, kwa sababu kamasi ile imejaa wadudu. Njiti asiye na sababu, mtoto aliyevimba mwili mzima, mtoto asiyesogeza mkono. Na kondo la nyuma! Wakunga, ninyi ndio mnaolishika. Kondo kubwa, nene, lililopauka, zito kupita umri wa mimba, linakueleza jambo. Msilitupe kwenye ndoo kabla hamjaliandika.

Akipita miaka miwili bila kutibiwa, mambo yanayojitokeza ni mengine: meno ya mbele ambayo kila moja lina pengo dogo kwenye ncha, macho kuwa na ukungu, uziwi, pua iliyobonyea. Hayo sitayachimba. Ukifika huko umeshachelewa sana.

Vipimo. Hapa watu wa maabara mnisikilize na mnisahihishe. Kile kipimo cha haraka cha kitone cha damu, kile tunachopima pamoja na VVU, ni kizuri sana kwa mama mjamzito kwa sababu jibu linatoka akiwa bado amekaa mbele yako. Lakini kinaona kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu, na ambazo kwa watu wengi hubaki mwilini maisha yote, hata baada ya kupona. Mama aliyetibiwa katika mimba ya kwanza anaweza kuja na mistari miwili, yaani jibu la kuwa nayo, katika mimba ya tatu. Kinachokupa picha ya sasa ni RPR yenye namba: 1:4, 1:16, 1:64. Na kwa mtoto, kipimo cha haraka hakikusaidii kabisa, maana kingamwili za mama zinavuka kondo na kumwingia. Ukimpima utakuwa unampima mama yake ndani ya mwili mdogo.

Kwa hiyo mtoto apimwe RPR, damu itoke kwenye mshipa wake mwenyewe. Damu ya kitovu tuiache, huchanganyika na ya mama. Mama naye apimwe siku hiyohiyo, maabara ileile, kipimo kilekile, ndipo namba mbili zilinganishwe. Mama akiwa 1:8 na mtoto 1:32, mtoto amempita mama mara nne. Hizo kingamwili hakuzirithi zote, nyingine anazitengeneza mwenyewe, ana ugonjwa. Lakini, na hili "lakini" liandikeni kwa wino mzito: mtoto kuwa na namba ndogo kuliko ya mama si cheti cha uzima. Wengi wenye ugonjwa hawafikii kumpita mama mara nne.

Nikaulizwa juzi, "Daktari, sasa tutajuaje?" Tutajua kwa kuuliza mama alitibiwaje. Tufanye jaribio hapahapa. Mama amepimwa tarehe 4 Machi, RPR 1:32, akachomwa penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4 siku hiyohiyo. Amejifungua tarehe 26 Machi. Mtoto anaonekana mzima. Mama ametibiwa au hajatibiwa?

(Ukumbi mzima: "Ametibiwa!")

Hesabuni siku.

(Kimya. Sauti ya dada mmoja kutoka katikati: "Ishirini na mbili.")

Asante dada. Siku ishirini na mbili. Tunachotaka ni siku thelathini au zaidi kabla ya kujifungua. Mama huyu amefanya kila alichoambiwa, na bado kwa mtoto wake tunahesabu kwamba matibabu hayakutosha. Vivyo hivyo mama aliyepewa erithromaisini au azithromaisini kwa sababu penisilini inamdhuru: dawa hizo hazimfikii mtoto tumboni kwa uhakika. Na yule ambaye kadi yake inasema "Imefanyika", huyo ndiye hajatibiwa kuliko wote, kwa maana sisi hatujui lolote.

Sasa oneni kazi inayofanywa na tarehe. Nambari mbili kwenye kadi, siku ya sindano na siku ya kuzaa, ndizo zinazoamua kama mtoto huyu anakwenda nyumbani au anabaki wodini siku kumi. Eksirei haina uwezo huo, wala mikono yangu mimi daktari.

Mtoto mwenye dalili, au ambaye namba yake imempita mama mara nne, au ambaye mama hakutibiwa ipasavyo, anapata matibabu kamili. Penisilini ya benzili, ile ya maji, yuniti 50,000 kwa kila kilo kwenye mshipa kila saa 12 katika siku saba za kwanza za maisha, kisha kila saa 8 mpaka zitimie siku kumi. Au prokeni penisilini, yuniti 50,000 kwa kilo, msulini, mara moja kwa siku, siku kumi. Ukianza na ya mshipa siku aliyozaliwa, ni sindano 14 za wiki ya kwanza na 9 za siku tatu zilizobaki, jumla 23, kwa kanula, kile kijirija kinachokaa kwenye mshipa, kinachoziba kila ukigeuka. Prokeni ni kumi tu. Nafahamu kwa nini wenzangu wa vituo vya afya wanaipenda, na siwalaumu. Ila ukishuku kwamba ubongo umeguswa, mtoto ana degedege au kichwa kinavimba, chagua ya mshipa na mpe rufaa.

Hesabu ya dozi iandikwe, isifanywe kichwani saa nane usiku. Mtoto wa kilo 2.4 mara 50,000 ni yuniti 120,000. Kama chupa yako umeichanganya ukapata yuniti 100,000 kwa kila mililita, unavuta mililita 1.2. Apimwe uzito tena katikati, maana watoto hawa wakianza kunyonya wanaongezeka. Akikosa dawa zaidi ya siku moja, anaanza upya siku ya kwanza. Ndiyo, upya. Kwa hiyo kabla hujamwandikia, nenda kahesabu chupa zilizopo stoo, usije ukaishiwa siku ya sita. Na benzathini na prokeni, zile zenye rangi ya maziwa, hazigusi mshipa wa damu hata kwa bahati mbaya. Zikiingia kwenye mshipa zinaweza kusimamisha moyo.

Mtoto mzima ambaye mama yake alitibiwa vizuri, siku thelathini zimepita na hakuna dalili kwamba ameambukizwa tena, huyo tunamfuatilia. Ukiona familia inakaa kisiwani, nauli ya boti shida na kurudi ni majaliwa, kuna nafasi ya kumpa dozi moja ya benzathini, yuniti 50,000 kwa kilo, pajani, kabla hajaondoka. Mimi hutoa. Mama aendelee kunyonyesha, isipokuwa akiwa na kidonda cha kaswende kwenye titi lenyewe.

Sasa nirudi kwenye neno lile. Nimewahi kumuuliza mkunga mmoja, mwenye uzoefu wa miaka mingi kuliko mimi, kwa nini haandiki majibu. Akaniambia: "Mwanangu, kadi ile inasomwa na mume. Inasomwa na mama mkwe. Nikiandika kaswende, nimemfukuzisha mke wa watu." Nilinyamaza. Alikuwa anasema kweli. Wengi wetu tunaacha wazi kwa huruma.

Lakini huruma ile inamlinda mama kwa wiki moja na kumwacha mtoto maisha yote. Hebu tutafute njia ya tatu. Kubalianeni katika wilaya yenu alama zinazoeleweka kwa kila mkunga na zisizoeleweka sebuleni: matokeo, dawa, dozi, tarehe. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, vinabaki kituoni, huko andikeni kwa ukamilifu, cha kliniki na cha leba, na jibu lihamishwe kutoka kimoja kwenda kingine siku mama anapoingia kujifungua. Na mume aitwe, akae, aelezwe na mtu mzima mwenye staha. Aambiwe ukweli ambao wengi hawaujui: kaswende inaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo kipimo hakimwambii nani alianza wala lini. Kesi haina mshitakiwa. Naye achomwe, la sivyo atamrudishia mkewe kabla mimba haijafika mwisho.

Cheti cha kutoka wodini sitaki kisomeke "mtoto ametibiwa, anaendelea vizuri." Kisomeke hivi: mama RPR 1:32, tarehe fulani, benzathini milioni 2.4, tarehe fulani, siku 22 kabla ya kujifungua; mtoto RPR 1:16, damu ya mshipa, tarehe fulani; ini na bandama havigusiki, ngozi safi; prokeni yuniti 120,000 kila siku, siku ya kwanza tarehe fulani, ya kumi tarehe fulani, hakuna siku iliyorukwa; arudi baada ya miezi miwili. Mistari mitano. Atakayempokea Ukerewe au Sengerema hatahitaji kukupigia simu. Ataona kama namba inashuka. Inatakiwa iwe imeanza kushuka mtoto akifika miezi mitatu na kupotea akifika sita. Ikigoma, arudishwe kwetu. Akifikisha miezi 18, zile kingamwili za mama zimekwisha, na kile kipimo cha haraka ndipo kinapokuwa na maana kwake.

Halafu kuna wale ambao hakuna anayewaandikia cheti cha kutoka. Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtoto mfu wa mama mwenye kaswende ambaye hakutibiwa kama mgonjwa wa kaswende ya kuzaliwa nayo, sawa na aliye hai. Kwa makadirio ya mwaka 2016 duniani kulikuwa na wagonjwa 661,000 wa aina hii. Mimba zilizoharibika na watoto wafu walikuwa 143,000. Watoto hai waliozaliwa na dalili ni 109,000. Mnaona? Waliokufa kabla ya kuzaliwa ni wengi kuliko wale tunaowaonyesha wanafunzi. Ripoti ya wilaya ikiniambia kwamba mwaka mzima hapakuwa na kaswende ya kuzaliwa nayo hata moja, swali langu la kwanza ni hili: watoto wafu walikuwa wangapi, na mama zao wangapi walipimwa siku ile? Mama aliyefiwa apimwe kabla hajatoka. Anahitaji jibu hilo kuliko mtu yeyote mle wodini, kwa sababu mwakani atarudi na mimba nyingine.

Yule mtoto wa mkono? Siku kumi alimaliza. Pua ilifunguka mapema, na mkono ukaanza kurudi kabla hajaruhusiwa; mama yake ndiye aliyeona kwanza, mtoto amemshika kidole akinyonya. Baba alichomwa sindano zake bila maneno mengi. Nilimwomba jambo moja, ampigie simu binti wa kazi. Alisema atafanya hivyo.

Muda wangu naona umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Kwenye kila meza kuna kadi tano za kliniki, za kubuni, na karatasi tupu tano za kutoka wodini. Fanyeni hesabu ya siku, amueni nani anabaki na nani anakwenda, muandike dozi kwa uzito uliopo. Kadi mbili nimezikosea makusudi. Watu wa maabara, tafadhali njooni mbele, kila meza ichukue mmoja wenu.